Mama, Ukiona Weupe Ndani ya Mboni ya Mtoto

Mimi ni muuguzi wenu wa kila juma. Kama unanyonyesha, endelea kunyonyesha. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo usogee karibu na redio. Na kama nyanya yuko nyumbani, au baba hajatoka kwenda kazini, waite wasikilize pia, kwa maana jambo la leo haliamuliwi na mama peke yake.

Leo tutazungumza juu ya ugonjwa ambao huenda hujawahi kuusikia. Ni saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka 5. Madaktari huiita retinoblastoma. Ni ugonjwa wa nadra. Hapa Kenya humpata takriban mtoto 1 kati ya watoto 17,000 wanaozaliwa. Utaniuliza, "Sista, kama ni wa nadra hivyo, mbona tuutumie kipindi kizima?" Sababu ni hii: ugonjwa huu ukigunduliwa mapema, mtoto hupona. Ukichelewa, humuua. Na mara nyingi anayeuona kwanza si daktari wala muuguzi. Ni mama, au yule anayekaa na mtoto kutwa.

MAMA ALIYENIAMBIA UKWELI

Nitaanza na kisa changu mwenyewe. Si kisa cha kujivunia, lakini nimeona afadhali nikisimulie.

Miaka 12 iliyopita nilikuwa nimemaliza diploma yangu na kupelekwa kufanya kazi katika zahanati moja ndogo mashambani. Asubuhi moja alikuja mama na mtoto wa kike wa miezi 10 mgongoni. Akaniambia, "Sista, jicho la mtoto wangu linang'aa kama la paka. Huwa naliona jioni nikimnyonyesha, koroboi ikiwa kando yangu."

Nikamtazama mtoto pale mlangoni, juani. Alikuwa mnono, anacheka, anaivuta saa yangu. Macho niliyaona sawa. Nikauliza kama jicho linatoa uchafu, kama mtoto analia usiku. Mama akasema hapana. Foleni ilikuwa ndefu. Nikampa dawa ya kupaka machoni, tetrasaiklini, nikamwambia, "Hakuna kitu, mama. Lisipopona, rudi."

Alirudi baada ya miezi 5. Jicho lilikuwa limevimba na kusukumwa nje, na mtoto hakuwa anacheka tena. Tulimpeleka hospitali ya rufaa siku hiyo hiyo, lakini ugonjwa ulikuwa umeshatoka ndani ya jicho na kuingia mwilini. Mtoto yule hakufikisha miaka miwili. Mama yake hakunipigia kelele. Aliniuliza neno moja tu: "Sista, si nilikuambia?"

Ndiyo, alikuwa ameniambia, tena vizuri kuliko kitabu. Baadaye nilielewa kosa langu. Mboni ya jicho hupanuka penye mwanga hafifu, na hujifinya penye jua kali. Mama alikuwa akimtazama mtoto jioni, mboni ikiwa wazi kama mlango. Mimi nilimtazama juani, mboni ikiwa ndogo kama tundu la sindano. Yeye aliona na mimi sikuona. Nami nikayaamini macho yangu ya dakika mbili, nikayakataa macho yake ya miezi.

Kwa hiyo, mama, nikikuomba leo uamini ulichokiona, ujue ninajua ninachokuomba.

UGONJWA HUU NI NINI?

Fikiria nyumba ya udongo yenye dirisha moja dogo. Ukisimama nje mchana ukachungulia, unaona giza tu ndani. Sasa mtu akitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa nyuma, kisha wewe ukamulika kwa tochi kupitia dirishani, utaona nini? Utaona weupe.

Jicho liko hivyo. Ile mboni nyeusi katikati ya jicho ni dirisha. Ukuta wa nyuma, ndani kabisa, umefunikwa na ngozi laini inayoitwa retina. Hiyo ndiyo inayopokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo ili mtoto aone. Katika ugonjwa huu, uvimbe wa saratani huota kwenye retina. Rangi yake ni nyeupe. Mwanga ukiingia kwa dirisha, hugonga uvimbe ule na kurudi, nawe unauona kama mng'ao mweupe au wa manjano, kama jicho la paka gizani.

Mwanzoni uvimbe hauumi. Mtoto hucheza, hula na hulala kama kawaida. Hapo ndipo wengi wetu hudanganyika. Tumezoea kwamba mgonjwa ni yule anayelia. Lakini wakati mtoto anacheka, uvimbe unakua. Usipotibiwa hufuata mshipa unaotoka nyuma ya jicho mpaka kwenye ubongo, au huingia katika damu na kufika kwenye mifupa. Ikifika huko, kumponya mtoto huwa ni kazi ngumu sana.

Watoto wengi huwa nao katika jicho moja. Lakini karibu theluthi moja yao huwa nao katika macho yote mawili. Wavulana na wasichana wote hupatwa. Ugonjwa hauambukizi. Mtoto mwenye ugonjwa huu anaweza kulala kitanda kimoja na wenzake, kula nao na kucheza nao.

DALILI ZA KUANGALIA

Dalili ya kwanza, na iliyo kubwa, ni weupe ndani ya mboni. Nasema ndani ya mboni, si ile sehemu nyeupe ya jicho ambayo sote tunayo. Weupe huo unaweza kuonekana ukimtazama mtoto kutoka upande mmoja, kisha usionekane ukimtazama kutoka upande mwingine. Leo unauona, kesho huuoni. Usidhani umeota. Ukiuona hata mara moja, inatosha.

Dalili ya pili ni makengeza, yaani jicho moja kutazama huku na jingine kule. Mtoto mchanga sana macho yake huweza kutangatanga, na hilo si ajabu. Lakini akipita miezi 3 au 4 na jicho bado linakwenda upande, apelekwe kwa daktari wa macho. Wako wanaosema makengeza ni urembo, au kwamba yataisha akikua. Mengine huwa ni makengeza tu, hata hivyo nayo hutibiwa mapema. Lakini mengine ni jicho ambalo limeacha kuona kwa sababu ya uvimbe ulio ndani.

Dalili nyingine ni jicho jekundu au lililovimba ambalo haliponi kwa dawa ya kawaida, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, rangi ya jicho moja kubadilika, au mtoto kutofuata kitu kwa macho. Jicho kuwa kubwa au kutokeza nje ni dalili ya kuchelewa. Hata hapo usikate tamaa, mpeleke siku hiyo hiyo.

JINSI YA KUMTAZAMA MTOTO NYUMBANI

Mambo haya hayagharimu hata shilingi.

Kwanza, jioni, wakati unamnyonyesha au kumlisha, mtazame machoni nyumba ikiwa na mwanga hafifu. Geuza kichwa chake taratibu, kushoto na kulia.

Pili, funika jicho moja la mtoto kwa kiganja chako huku ukimwonyesha kitu anachokipenda. Kisha funika jicho la pili. Kama ukifunika la kulia anatulia, lakini ukifunika la kushoto analia na kuusukuma mkono wako, basi huenda jicho la kulia halioni. Umemfunika lile analolitegemea.

Tatu, angalia picha zake. Siku hizi nyumba nyingi zina simu ya kupiga picha. Picha iliyopigwa kwa mwanga wa simu mara nyingi huonyesha mboni nyekundu. Ukiona jicho moja ni jekundu na jingine ni jeupe, hifadhi picha hiyo, uje nayo hospitali. Wakati mwingine weupe katika picha hutokana tu na jinsi mtoto alivyogeuka, na mtoto hana shida yoyote. Lakini si wewe wala mimi wa kuamua hilo. Ni daktari wa macho.

Na usisahau kitabu cha afya ya mama na mtoto, kile tunachokiita kitabu cha kliniki. Kina sehemu ya kukagua macho ya mtoto: mboni ni nyeusi au ni nyeupe, je, anafuata kitu kwa macho, je, ana makengeza? Unapompeleka kwa chanjo za wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9 na miezi 18, mwambie muuguzi, "Tafadhali mtazame na macho." Hatutakasirika. Foleni hutusahaulisha, na mama akitukumbusha ametusaidia.

UKIONA DALILI, UFANYE NINI?

Usingoje siku ya kliniki. Usingoje mwisho wa mwezi, wala mavuno. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe kesho yake asubuhi. Ukifika, sema maneno haya: "Nimeona weupe ndani ya mboni ya mtoto wangu. Naomba barua ya rufaa aende kwa daktari wa macho, atiwe dawa ya kupanua mboni, akaguliwe nyuma ya jicho."

Yashike maneno hayo. Nyuma ya jicho hakuonekani vizuri mpaka mboni ipanuliwe kwa dawa ya matone. Kama umeambiwa hakuna kitu na mboni haikupanuliwa, basi mtoto bado hajakaguliwa. Kama muuguzi au klinika amekupa dawa ya kupaka na kukuambia uende nyumbani, kama nilivyofanya mimi, usiende nyumbani. Omba barua tena. Ukikataliwa, nenda wewe mwenyewe kwa kitengo cha macho katika hospitali ya kaunti yako. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chenu pia anaweza kukusindikiza.

Kutoka huko utatumwa mahali penye wataalamu wa ugonjwa huu. Miongoni mwa hospitali zinazojulikana kwa kazi hii ni Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta kule Nairobi, hospitali ya macho ya Kikuyu katika kaunti ya Kiambu, na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi kule Eldoret.

Usimtie mtoto maziwa ya mama jichoni, wala maji ya majani, wala asali, wala dawa ya dukani. Usikubali mtu yeyote achanje karibu na jicho au alidunge kwa sindano au mwiba. Hata madaktari hawachukui kipande cha uvimbe huu kwa sindano kwenda kupima, kwa sababu kulitoboa jicho kunaweza kuisambaza saratani.

Pengine daktari atakuambia si saratani. Weupe katika mboni una sababu nyingine, mojawapo ni mtoto wa jicho, ambao hata watoto wachanga huweza kuzaliwa nao. Huo nao unahitaji upasuaji mapema, ama sivyo jicho halitajifunza kuona. Kwa hiyo safari yako haitakuwa ya bure.

MTOTO ATAFANYIWA NINI HOSPITALINI?

Kwa kuwa mtoto mdogo hatulii, hupewa dawa ya usingizi ili daktari ayakague macho yote mawili bila kumwumiza. Anaweza pia kupimwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, aina ile ile inayotumiwa kwa mama mjamzito, na pengine picha za kichwa, kuona kama ugonjwa umetoka nje ya jicho.

Matibabu hutegemea ukubwa wa uvimbe. Ukiwa bado mdogo, madaktari huweza kuuchoma kwa mwanga wa leza au kuugandisha kwa baridi kali. Mara nyingi huongeza dawa za saratani za kupitia mshipani, ambazo wengi huziita kemo. Dawa hizo hutolewa kwa awamu, kila baada ya wiki 3 au 4, kwa muda wa miezi kadhaa. Hapo jicho huweza kuokolewa.

Wakati mtoto anatumia kemo, nywele zake zinaweza kuanyuka. Zitaota tena. Anaweza kutapika au kukataa chakula. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi. Lakini shika jambo moja: dawa hizi hupunguza nguvu za mwili za kupigana na magonjwa. Mtoto akipata joto la nyuzi 38 au zaidi, usimpe tembe ya kutuliza homa ukalala. Mpeleke hospitali hata kama ni usiku wa manane, useme, "Mtoto huyu anatumia dawa za saratani." Na kabla ya chanjo yoyote, mwambie muuguzi hivyo hivyo, maana chanjo nyingine inabidi zingoje.

Tafadhali maliza awamu zote. Wazazi wengi huona weupe umepungua baada ya awamu ya pili, wakasema mtoto amepona, wakarudi nyumbani. Saratani hurudi, tena kwa ukali.

"WANATAKA KULITOA JICHO LA MTOTO"

Sasa nimefika mahali pagumu. Uvimbe ukiwa mkubwa na jicho limeshaacha kuona, daktari atawaambia kwamba jicho litolewe. Hapa ndipo familia nyingi hufunga virago na kwenda. Wengine huenda kwa waganga, wengine kwa maombi, wengine hukaa tu. Wengi hurudi baada ya miezi, jicho likiwa limetokeza nje, na daktari hana tena la kuwapa ila dawa ya kupunguza maumivu.

Siwalaumu. Ni neno zito kwa mzazi yeyote. Lakini nisikilizeni.

Miaka kadhaa baada ya kosa langu, mama mwingine alikuja kwangu na mvulana wa miaka 2. Wakati huu nilimwandikia barua kabla hajamaliza kusema. Hospitalini wakaambiwa jicho la kushoto litolewe. Baba akasema, "Turudi nyumbani kwanza tufikirie." Nyanya akasema, "Mungu alimpa mawili. Mtoto wa kiume mwenye jicho moja atakuwa mtu gani?" Nikaitwa nyumbani kwao kuzungumza nao. Nilizungumza sana siku hiyo, na sidhani kama niliwabadilisha.

Aliyewabadilisha ni mama. Aliinuka akamweka mtoto katikati ya chumba, akamfunika jicho la kulia kwa leso, kisha akasema, "Mwiteni." Nyanya akamwita. Mtoto alijua sauti ya nyanyake, akaenda huku amenyoosha mikono, akagonga meza. Mama akasema, "Jicho mnalotaka kumwachia halioni. Limekwisha. Ninachotaka kubaki nacho ni mtoto." Nyanya alilia. Kesho yake walisafiri wote watatu, na baba akatia sahihi.

Ndugu zangu, katika hali kama ile daktari hakunyang'anyi mtoto macho. Ugonjwa umeshalinyang'anya. Daktari anatoa kile kinachotaka kumwua.

Upasuaji wenyewe hufanywa mtoto akiwa amelala kwa dawa na hasikii maumivu. Mara nyingi ndani huwekwa kitu kidogo cha duara ili mahali pa jicho pasibonyee. Baada ya siku chache mtoto hurudi nyumbani, na wengi huanza kucheza mapema kuliko wazazi walivyotazamia. Baada ya wiki kama 6, kidonda kikiwa kimepona, hutengenezewa jicho la bandia. Ni kama ganda jembamba linalokaa chini ya kope, na hupakwa rangi ifanane na jicho la pili. Mtafundishwa kulitoa, kulisafisha na kulirudisha. Mtoto akikua, hubadilishiwa, kama vile anavyobadilishiwa viatu.

Jicho lililotolewa hupelekwa maabara kuona kama saratani ilikuwa imefika kwenye mshipa wa nyuma. Kwa hiyo lazima mrudi kuchukua majibu. Kama ilikuwa imefika, mtoto ataongezewa kemo. Usiseme, "Jicho limetoka, kazi imekwisha." Majibu hayo ndiyo yatakayosema kama kazi imekwisha.

Yule mvulana sasa yuko shuleni. Anasoma, anacheza mpira, anachunga ndama jioni. Mamake aliniambia kwamba mwalimu alikaa naye muhula mzima bila kujua kwamba jicho moja ni la bandia.

MASWALI TUNAYOULIZWA

"Sista, nilifanya nini nikamletea mtoto ugonjwa huu?" Hukufanya kitu. Si chakula ulichokula ukiwa na mimba, si picha za simu, si jicho la husuda, si laana, si dhambi ya mtu. Ugonjwa huu hutokana na hitilafu katika jeni iitwayo RB1, ambayo kazi yake ni kuzuia chembe za retina zisiongezeke ovyo. Baba, ukisikia watu wakimnyoshea mkeo kidole, wewe ndiwe wa kuwanyamazisha.

"Je, watoto wangu wengine wako hatarini?" Wanaweza kuwa. Kati ya watoto 10 wenye ugonjwa huu, karibu 4 wana hitilafu ile katika mwili wote, na wale wenye uvimbe katika macho yote mawili wote wako katika kundi hilo. Mara nyingi hitilafu huanza kwa mtoto mwenyewe, bila mzazi kuwa nayo. Lakini mtoto kama huyo akikua na kuzaa, kila mtoto wake ana nusu ya uwezekano wa kuirithi. Kwa hiyo ndugu zake wadogo wakaguliwe macho, na atakayezaliwa baadaye akaguliwe mara tu baada ya kuzaliwa. Na kama wewe mzazi ulitolewa jicho utotoni, mwambie muuguzi ukiwa bado mjamzito.

"Je, mtoto akipona, ndiyo mwisho?" Hapana. Lazima arudi kukaguliwa kila anapopewa tarehe, kwa miaka kadhaa, kwa sababu uvimbe mwingine unaweza kuota, hata katika jicho la pili. Na mtoto aliyebaki na jicho moja avae miwani imara ya kulikinga, hata kama anaona vizuri, kwa maana hana la akiba.

"Na pesa, sista?" Ni kweli, safari na matibabu hugharimu. Sajili familia yako katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Hakikisha mtoto ameandikwa kama mtegemezi wako, na mchango wako umelipwa. Fanya hivyo leo, kabla ya ugonjwa. Ukifika hospitali na huna njia, usitoroke usiku. Uliza afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo, ueleze shida yako. Ukikaa kimya hakuna atakayejua.

"Je, kweli watoto hupona?" Hupona. Katika nchi tajiri, ambako ugonjwa huonekana mapema, watoto zaidi ya 95 kati ya 100 huishi. Kwetu wanaopona ni wachache kuliko hapo. Sababu moja kubwa ni kwamba wanafika wamechelewa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliuweka ugonjwa huu kati ya aina 6 za saratani za watoto zinazopaswa kupewa uzito wa kwanza, kwa sababu unatibika. Na safari ya matibabu huanzia nyumbani kwako.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Weupe ndani ya mboni ya mtoto, hata ukiuona mara moja, ni jambo la haraka.

2. Makengeza baada ya miezi 3 au 4, na jicho jekundu lisilopona, yapelekwe kwa daktari wa macho.

3. Mtazame mtoto jioni penye mwanga hafifu, na uzikague picha zake.

4. Mtoto hajakaguliwa mpaka mboni ipanuliwe kwa dawa.

5. Usitie chochote jichoni, wala usikubali lidungwe.

6. Daktari akisema jicho litolewe, usiondoke. Uliza maswali yako yote pale pale, kisha okoa mtoto.

7. Maliza awamu zote za dawa, chukua majibu ya maabara, rudi kila tarehe, na upeleke ndugu zake wakaguliwe.

Wasikilizaji wangu, leo jioni, taa ikishawashwa, mchukue mtoto wako umtazame machoni. Wengi wenu mtaona mboni nyeusi, safi, nanyi mtamshukuru Mungu na kwenda kulala. Lakini kama kuna mmoja kati yenu atakayeona weupe, mama huyo nazungumza naye sasa. Umeona sawasawa. Asubuhi mfunge mtoto mgongoni uende. Na ukimkuta muuguzi mwenye haraka kama nilivyokuwa mimi, mwambie mara ya pili.

Kwaherini, hadi juma lijalo.